Mkeka Tuliukunja Wenyewe

Siku hizi Kasongo, mahali popote wanapokutana wanawake wawili, sokoni, kisimani, mbele ya msikiti ao nyuma ya kanisa, wa tatu akifika atawakuta wanalalamika juu ya saloni. "Yaya, kichwa kimoja tu, nimeacha kule pesa ya mchele ya juma zima!" Ndivyo wanavyosema, na hawadanganyi. Kabambare ni vilevile. Kisha malalamiko yanageuka matusi: wenye saloni ni wezi, wasichana wa sasa wana tamaa, dunia imeharibika. Hapo ndipo sisi tunakataa. Tunaandika kurasa hizi sababu tunaona kwamba mwizi anatafutwa mahali asipokuwepo.

Tuanze na hesabu, maana watu wengi wanapenda kutukana kuliko kuhesabu. Meshi haioti Maniema. Ni nyuzi za plastiki zinazotoka viwandani, nyingi China, nyingine Kenya, Uganda na Tanzania. Zinavuka Ziwa Tanganyika mpaka Kalemie, Baraka ao Uvira, kisha zinapanda lori, zinashuka kwenye pikipiki, na mara nyingi zinamalizia safari kwenye baiskeli ya kusukuma kwa mikono, katika barabara ambazo kila msomaji wetu anazijua wakati wa mvua. Kila kizuizi njiani kinakula kipande chake. Na mzigo wenyewe unanunuliwa kwa dola. Mwaka 2015 dola moja ilikuwa karibu franka 930. Mwaka 2024 ilipita franka 2,700. Chukua kitu chochote cha dola mbili: kilikuwa franka 1,860, kikafika zaidi ya 5,400, na muuzaji hakuongeza faida hata senti moja. Je, mifuko yetu ilifuata? Halafu Februari 2025 Bukavu ikaingia mikononi mwa M23, na wafanyabiashara waliozoea kununua kule wakaanza kuzunguka. Mwishoni mwa mwaka huohuo franka ilipata nguvu mbele ya dola, watu wakafurahi, lakini bei za kwetu zinajua kupanda ngazi tu, kushuka hazikufundishwa.

Weka juu yake mambo ya saloni yenyewe. Mashine ya kukaushia haiendi bila umeme, na umeme wa kwetu ni grupu linalokunywa mafuta, ao sola iliyonunuliwa kwa deni. Kuna kodi ya nyumba. Kuna wale wanaopita na daftari, leo wa huku, kesho wa kule, kila mmoja na karatasi yake. Msichana anayesimama toka asubuhi mpaka jioni, vidole vimekauka kwa dawa, miguu imevimba, mwishoni anabaki na nini? Kumwita mwizi ni kumwonea.

Upande wa Kabambare kuna jambo la ziada, nalo ni dhahabu. Palipo na machimbo, kama kule Salamabila karibu na Namoya, bei hupangwa kwa kipimo cha mfuko wa aliyeokota gramu jana usiku. Yeye analipa bila kuuliza. Mke wa mwalimu ao mjane anayeuza sombe anakaa kwenye kiti kilekile, na anaulizwa bei ileile. Hilo halihusu nywele peke yake, lakini kwenye nywele linaonekana upesi, sababu kichwa hakifichiki.

Basi jibu la wengi ni nini? "Turudi nyumbani, tusukane bure kama bibi zetu." Maneno matamu. Tumeyasikia kwenye mikutano, tumeyasikia hata kwa wanaume ambao maisha yao yote hawajashika kitana isipokuwa cha kuchana ndevu. Nasi tunapenda mkeka urudi. Lakini kabla ya kuurudisha, tuseme kwanza nani aliukunja.

Hatukuwa watu wasiojua vichwa. Wazungu wa kwanza waliopita kwetu, Livingstone aliyekaa Nyangwe mwaka 1871 na Cameron aliyefika mwaka 1874, hawakuweza kuandika juu ya Maniema bila kuandika juu ya nywele. Cameron alishangaa kuona wanawake wenye nywele za mbele zilizojengwa kama ukingo wa kofia, zikifanya kivuli juu ya macho, na za nyuma zikiteremka mabegani. Wanaume nao walikandika nywele zao kwa udongo. Kazi ya namna ile haifanyiki kwa dakika kumi, wala mtu hajifanyii mwenyewe. Lazima pawe na mikono ya pili. Walipokuja watu wa pwani pamoja na Tippu Tip na wenzake, Kasongo ikawa mji wa waungwana, na pamoja na kanzu na hina ikaja misuko mingine, ikachanganyika na ya wenyeji. (Wako wanaosema mwenye mtandio hana haja ya kusuka. Waulize wake zao: chini ya mtandio kuna nini?)

Misuko hiyo yote ilifanyika chini, juu ya mkeka, kichwa cha mmoja kati ya magoti ya mwingine. Na haikuwa bure, tuelewane vizuri. Aliyesukwa alileta kitu: kopo la mchele, karanga, kuni, ao siku moja ya kupalilia shamba la shangazi aliyemsuka. Kama hakuleta leo, alijua ana deni, na deni lenyewe lilikuwa kamba ya kuwafunga watu pamoja. Pale juu ya mkeka msichana alisikia habari ambazo mama yake mzazi hangeweza kumwambia: mambo ya mwili, mambo ya ndoa, nani ni ndugu na nani asiolewe naye. Saa nne ao tano za kukaa bila kugeuza shingo, hata mkaidi anasikiliza.

Sasa, nani alikunja mkeka? Saloni? Hapana. Saloni ilikuta mkeka umekwisha kukunjwa. Ni sisi tuliosoma. Ni sisi walimu, makarani, wauguzi, watu wa ofisi, ambao tulianza kuita uzi "nywele za kijijini." Tunakumbuka mtoto wa jirani yetu, miaka mingi imepita, alisukwa na bibi yake kwa uzi mweusi, nywele zimesimama vizuri kama miche ya mpunga. Alikwenda katika shule moja ambayo hatuitaji. Mwalimu alimsimamisha mbele ya wenzake na kuuliza kama kichwani ameweka antena ya kukamata redio. Darasa zima likacheka. Jioni mtoto akamwambia bibi: "Miye siende tena na uzi ku masomo, batanicheka." Bibi akafungua uzi wote usiku uleule, mbele ya taa ya mafuta, bila kusema neno. Hakumsuka tena mtu yeyote wa nyumba ile. Mwalimu yule hakuwa Mzungu. Alikuwa mtoto wa hapahapa, na mama yake alisukwa kwa uzi siku ya ndoa yake.

Halafu tukaleta defrizan. Tuliona nywele zilizolala ni nywele za mtu aliyestaarabika, tukachoma ngozi za kichwa za watoto wa miaka kumi na mbili. Mwaka 2022 huko Marekani watafiti wa taasisi ya afya ya serikali walitoa matokeo ya kufuata wanawake zaidi ya 33,000 kwa miaka karibu kumi na moja: waliotumia dawa za kulainisha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walionekana kupata saratani ya mji wa mimba zaidi ya mara mbili kuliko wasiotumia. Wenyewe walisema uchunguzi uendelee, nasi hatutaki kumtisha mtu. Tunasema tu kwamba bibi na uzi wake hakuwahi kuhitaji uchunguzi wa namna hiyo. Ijapokuwa, tuwe wakweli, naye akivuta sana nywele za pembeni zinang'oka, na wako mama zetu wenye vipaji vya uso vilivyorudi nyuma kwa sababu hiyo. Mkono mzuri ni ule unaojua kulegeza.

Watu watatuambia: mnataka kuturudisha kwenye Authenticité. Tunakumbuka. Miaka ya 1970 utawala wa Mobutu ulikataza wanawake kuvaa peruki na suruali, ikawa kichwa cha mwanamke ni jambo la chama. Matokeo yake tuliyaona: amri ilipolegea, peruki zikarudi kwa hasira. Hatutaki amri. Wala kodi si dawa. Tanzania katika bajeti ya Juni 2019 iliweka ushuru wa asilimia 25 kwa nywele za bandia zinazotoka nje na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa ndani, lakini hatujasikia kwamba ushuru umewahi kumfundisha msichana kusuka. Anayetaka meshi asuke meshi, pesa ni yake. Tunachokataa ni kumfanya asiyekuwa na pesa ya meshi aone kwamba hana kichwa.

Na hapa tunafika kwenye uongo wa pili, ambao kwetu ni mbaya kuliko wa kwanza: kwamba nyumbani ni bure. Tazama kinachotokea sasa. Bei ya saloni imepanda, watu wanarudi nyumbani, wanakuta waliobaki na ujuzi ni wachache. Katika avenyu nzima utakuta mama mmoja ao wawili, mara nyingi ni mjane, ao msichana aliyekatisha masomo. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali inasemwa ni ya bure, lakini ya sekondari inalipiwa, na ndipo wengi wanakwama. Basi mama huyo kila Jumamosi, na zaidi sana kabla ya Idi, Noeli na tarehe 8 Machi, anajaza uwanja wake watoto wa watu. "Mama mdogo, nisaidie." "Shangazi, ni mistari tu, haichukui muda." Anasuka vichwa vinne, vitano, mpaka giza. Anapewa nini? Asante. Wakati mwingine hata mafuta ya kupaka anatoa yake. Mtu aliyelipa saloni bila kubisha, akifika kwa mama mdogo anasahau kwamba vidole ni vilevile. Hata ule mchele na zile karanga za zamani tumeziacha. Tumechukua desturi, tukaacha malipo yake, na tunaita jambo hilo utamaduni!

Tumesikia pia sauti ya wenye saloni, na ni ya haki: "Mkisema watu wasukane nyumbani, sisi tutakula nini?" Tunajibu kwamba hatuwaondoi. Siku ya ndoa, siku ya sikukuu, mtu atakwenda kwenu, na aende. Lakini kichwa cha mtoto wa shule kila juma mbili hakikuwa kazi yenu tangu mwanzo, na hamkukitafuta. Ni sisi tuliowasukumia. Tena wengi wenu mlijifunza wapi? Kwenye mkeka wa mtu. Msichana wa leo anayeingia saloni bila kupitia mkeka anajua kushona meshi juu ya nywele, lakini mpe nywele tupu za mtoto, hajui aanzie wapi.

Kwa waume neno letu ni fupi. Mume anayesema saloni ni upotevu, kisha jioni anamsifia mke wa mwingine aliyetoka saloni, anyamaze. Anayetaka mkewe asukwe nyumbani apeleke kopo la mchele kwa mama mdogo kwa mkono wake mwenyewe, aone kama atapungukiwa heshima.

Na kwa wenzetu walimu, tuko wengi humu tunaosoma vijitabu vya namna hii: kanuni nyingi za shule zinakataza meshi. Vizuri. Basi mtoto akija na uzi ao na mistari ya bibi yake, usimcheke, na usiache wengine wamcheke. Kama unakataza kimoja na kucheka kingine, mtoto huyo afanye nini? Anyolewe kila mwezi kama aliyefiwa?

Sisi wenyewe tumejaribu jambo dogo. Jumamosi moja tuliomba mama mmoja mzee, ambaye bado anajua misuko ya uzi, akae na wasichana chini ya mwembe, na tulikubaliana malipo mbele yake, si nyuma yake. Walikuja wanne. Tulitegemea kumi. Msuko wa kwanza alionyesha polepole, akiwagawia kila mmoja fundo la nywele la kufanyia kazi. Wa pili aliufanya mpaka nusu, akasimama, akaangalia mikono yake. Jina lake hakulikumbuka, na katika watu wazima waliokuwepo hakuna aliyelikumbuka. Mmoja wa wasichana akasema watauita kwa jina lake yeye mzee. Akacheka, akakataa, kisha akaendelea. Kufika saa tisa uzi ukaisha kabla ya kichwa cha nne. Tukamtuma kijana sokoni na pesa tuliyofikiri inatosha, akarudi na roli moja badala ya mbili. "Uzi nao umepanda," akasema. Mzee akaipima kwa macho, akaikata vipande vifupi zaidi, akamwambia msichana wa nne akaribie.