Mwanajiolojia wa Barafu na Ziwa Letu: Kwa Nini Tuuandike Wasifu Wake

Mwanafunzi wa fasihi akitangaza kwamba anataka kuandika juu ya maisha ya mwanajiolojia, swali la kwanza analoulizwa ni hili: je, hiyo ni fasihi? Akiongeza kwamba mwanajiolojia huyo alipata sifa kwa kuzichunguza na kuzichorea ramani nchi za barafu, huulizwa la pili: hayo yatuhusu nini sisi? Makala haya yanakusudia kuyajibu maswali hayo kupitia maisha ya mtu mmoja, Vivian Fuchs. Msimamo wangu ni kwamba wasifu wake unastahili kuandikwa kwa Kiswahili. Tusipouandika sisi, sehemu ya historia yetu iliyomo ndani yake itaendelea kuwa tanbihi katika hadithi ya ushujaa wa kwingineko.

Fuchs alizaliwa Uingereza mwaka wa 1908 na kusomea jiolojia katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka wa 1929 mwalimu wake, James Wordie, alimchukua hadi Greenland, na huko ndiko alikoionja baridi ya kaskazini kwa mara ya kwanza. Msomaji angetarajia kwamba baada ya hapo angeshika njia ya barafu moja kwa moja. La hasha! Miaka iliyofuata aliitumia kwetu. Kati ya 1930 na 1931 alikuwa mwanajiolojia wa msafara wa Cambridge uliochunguza maziwa ya Afrika Mashariki, kisha akaungana na Louis Leakey huko Olduvai. Mwaka wa 1934 aliongoza msafara wake mwenyewe katika ziwa ambalo leo tunaliita Turkana, na mwaka wa 1937 akaelekea Ziwa Rukwa, Tanganyika. Shahada yake ya uzamifu, aliyoipata mwaka huo wa 1937, ilitokana na utafiti wake wa Turkana. Bingwa huyu wa barafu, basi, alihitimu kwa kuusoma mchanga na miamba ya kaskazini mwa Kenya.

Elimu hiyo haikupatikana bure. Katika msafara wa 1934 vijana wawili, Martin na Dyson, walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini ndani ya ziwa hilo, wala hawakuonekana tena. Mwenye kuuandika wasifu wa Fuchs hana budi kutua hapo. Ni hapo kiongozi kijana alipofunzwa kwamba ramani hugharimu roho za watu.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Fuchs aligeukia kusini. Mwaka wa 1948 alikuwa katika kituo cha Kisiwa cha Stonington, Antaktika, akisafiri kwa sleji za kukokotwa na mbwa na kuchunguza miamba. Mwaka uliofuata meli ilishindwa kuwafikia kwa sababu bahari ilikuwa imefungwa na barafu, ikawabidi yeye na wenzake wakae hadi 1950. Karibu asilimia 98 ya bara hilo imefunikwa na barafu, na mwanajiolojia huona vilele vichache tu vinavyochomoza. Hali yake ni kama ya msomaji wa mswada wa kale ulioliwa na mchwa: hushika maneno machache yaliyosalia, akajaribu kuijenga upya beti nzima.

Ndipo akaamua kulivuka bara lenyewe kwa nchi kavu, jambo ambalo Ernest Shackleton alilikusudia asifanikiwe baada ya meli yake kupondwa na barafu mwaka wa 1915. Fuchs na wenzake kumi na mmoja waliondoka katika kituo cha Shackleton tarehe 24 Novemba 1957. Walipitia Ncha ya Kusini, wakafika kituo cha Scott tarehe 2 Machi 1958, baada ya siku 99 na takriban kilomita 3,470. Kabla hajafika Nchani, Edmund Hillary alimshauri aisitishe safari hadi msimu mwingine. Fuchs alikataa. Tena hakuwa akikimbia tu. Njiani walisimama mara kwa mara, wakatoboa barafu, wakalipua baruti na kupima muda wa mtetemo kurudi kutoka chini. Kwa njia hiyo waliukadiria unene wa barafu na umbo la ardhi iliyofichika.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili, lugha iliyolelewa na pepo za kusi na kaskazi, hakina maneno ya kuyasimulia hayo. Nawakumbusha Salim bin Abakari, aliyefuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka wa 1896 na kuisimulia safari hiyo kwa Kiswahili. Masimulizi yake yalichapishwa katika *Safari za Wasuaheli* ya Carl Velten mwaka wa 1901. Ikiwa Kiswahili kiliistahimili Siberia zaidi ya karne moja iliyopita, Antaktika itakishindaje? Isitoshe, lugha yetu ina hazina zake. Mpasuko wa barafu unaoweza kuyameza magari tunauita ufa, neno lile lile la Bonde la Ufa. Kwa Kiswahili, ujana na utu uzima wa Fuchs vinakutana katika neno moja.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: je, si tutakuwa tunamsifu mtu aliyekuja chini ya kivuli cha ukoloni? Hapana, maadamu wasifu si utenzi wa sifa. Wasifu hupima. Kule Antaktika, mchora ramani aliyekipa kilele jina hakumpokonya mtu yeyote jina lake, kwani hapakuwa na wenyeji. Kwetu mambo yalikuwa mengine. Ziwa alilolichunguza lilikuwa limebandikwa jina la mwanamfalme Rudolf wa Austria na Teleki na von Höhnel mwaka wa 1888, ilhali Wasamburu, Waturkana na Waelmolo walikuwa kando yake na majina yao wenyewe. Ilitubidi kungoja hadi 1975 ndipo likaitwa Turkana. Mwandishi wa Kiswahili atauliza maswali ambayo wengine hawana haraka ya kuyauliza. Nani alimwonyesha Fuchs kisima? Nani aliongoza ngamia? Wenyeji waliyaelezaje yale yaliyowapata Martin na Dyson?

Wanafunzi wenzangu, maswali hayo hayajibiwi maktabani peke yake. Yanahitaji mtu atakayekwenda Loiyangalani akaketi na wazee, kisha arudi na kuandika. Shaaban Robert alituandikia wasifu wa Siti binti Saad, akatuonyesha kwamba maisha ya mtu halisi ni kazi ya fasihi akipatikana wa kuyasimulia. Nawaomba wahadhiri wetu wasimrudishe mlangoni mwanafunzi anayeleta pendekezo la wasifu wa mwanasayansi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa uliopo kati ya sayansi na fasihi yetu bado unazibika.