Kuunganisha Pingili za Mgongo: Kazi Isiyokwisha Hospitalini

Upasuaji wa kuunganisha pingili za uti wa mgongo katika sehemu ya kiuno una jina linalopotosha. Mtu alisikiapo hudhani kwamba daktari ndiye aunganishaye, na kwamba mgonjwa atokapo chumba cha upasuaji kazi imekwisha. Kwa kweli daktari huandaa na kushikiza tu. Unaounganisha ni mwili wenyewe, nao huifanya kazi hiyo polepole, kwa miezi mingi, mgonjwa akiwa amekwisha kurudi kwake. Kwa mkulima wa Talatala, wilayani Kyela, huko kwake ndiko kwenye mashamba ya mpunga, ndoo za maji na mizigo ya kila siku. Makala haya yanatetea rai moja: kwamba upasuaji huu usihesabiwe kuwa umekamilika mpaka ijulikane nani atamwangalia mgonjwa katika miezi hiyo.

Pingili na gango

Kiuno cha binadamu kina pingili tano. Kati ya pingili na pingili mna kisahani cha gegedu kinachopunguza mishtuko, na nyuma yake hupita neva ziendazo miguuni na kwenye kibofu cha mkojo. Pingili ikiteleza mbele, ikipondeka kwa kuanguka kutoka juu ya mchikichi au kwa ajali ya pikipiki, au ikiliwa na kifua kikuu cha mifupa, neva hizo huweza kubanwa. Hapo mpasuaji huondoa kinachobana, huukwangua mfupa mpaka utoe damu, hupanga juu yake vipande vya mfupa ambavyo mara nyingi hutolewa katika nyonga ya mgonjwa mwenyewe, kisha huzikaza pingili kwa skrubu na vyuma vya titani.

Vyuma hivyo kazi yake ni ile ile ya gango ambalo mganga wa mifupa wa kijijini hulifunga kwenye mguu uliovunjika: hushika, haviungi. Historia yathibitisha jambo hili. Russell Hibbs na Fred Albee, kila mmoja kwa njia yake, walitangaza upasuaji huu mjini New York mwaka 1911, hasa kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu cha mgongo. Wakati huo hapakuwa na skrubu; mgonjwa alilazwa kitandani kwa majuma mengi, na mfupa ukaunga. Katika miaka ya 1950 Paul Harrington wa Houston alileta fito za chuma, na katika miaka ya 1960 Raymond Roy-Camille wa Ufaransa akaanza kupitisha skrubu ndani ya pingili zenyewe. Kwa sababu hiyo mgonjwa wa leo mara nyingi husimama na kutembea siku moja au mbili baada ya kupasuliwa.

Lakini vyuma havikuuharakisha mfupa. Bado huhitaji miezi sita hadi mwaka mzima ili kukomaa, na uvutaji wa tumbaku huuchelewesha zaidi. Chuma nacho huchoka. Kila mwanafunzi amewahi kukunja waya na kuukunjua mara nyingi mpaka ukakatika. Mgongoni mna mashindano ya namna hiyo: ama mfupa uunge kwanza, ama skrubu ilegee au ivunjike. Ndiyo maana mgonjwa huamriwa kutembea kila siku, akiongeza mwendo kidogo kidogo, huku kwa muda wa miezi mitatu hivi akikatazwa kuinama, kujipinda na kunyanyua vitu vizito.

Hesabu ya ndoo

Ukali wa katazo hilo huonekana kwa hesabu ya nyenzo inayofundishwa katika shule za sekondari. Ndoo ya lita 20 za maji ina uzito wa nyutoni 200 hivi. Mtu akiishika sentimita 50 mbele ya uti wa mgongo, momenti yake ni nyutoni-mita 100. Misuli ya mgongo inayopingana nayo iko sentimita 5 tu nyuma, hivyo yalazimu ivute kwa nguvu ya nyutoni 2,000, sawa na uzito wa kilo 200. Na hapo uzito wa kiwiliwili chenyewe haujahesabiwa. Ndoo hiyo hiyo ikikumbatiwa sentimita 25 kutoka mgongoni, nguvu hupungua hadi nyutoni 1,000. Basi mpalizi wa mpunga anayeinama kutwa nzima huutwisha mgongo mzigo mkubwa hata kama mikono yake haina kitu.

Nani apasuliwe?

Watu walioumwa kiuno duniani mwaka 2020 walikadiriwa kuwa milioni 619. Walio wengi kabisa hawahitaji kisu. Uchunguzi wa Sweden uliotolewa mwaka 2001, wenye wagonjwa 294 wa maumivu ya muda mrefu, uliona kwamba waliounganishwa pingili walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa tiba ya kawaida. Uchunguzi wa Uingereza wa mwaka 2005, wenye wagonjwa 349, uliona kwamba tofauti ilikuwa ndogo mno. Je, wanasayansi hao walipingana? La. Waingereza waliwalinganisha waliopasuliwa na watu waliopewa mazoezi ya nguvu yaliyopangwa vizuri chini ya wataalamu. Hapo mwalimu ana somo kubwa la kuwapa wanafunzi: kabla ya kulikubali jibu, uliza kilicholinganishwa ni nini.

Walakini wapo ambao kisu ni haki yao. Mwenye maumivu ya kiuno anayeshindwa kuzuia mkojo, anayepata ganzi kwenye makalio na sehemu za siri, au ambaye miguu inalegea, afikishwe hospitali siku ile ile. Na mwenye maumivu yasiyokoma pamoja na homa za jioni na kukonda apimwe kifua kikuu.

Njia ya kurudi

Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka Kyela. Hata Hospitali ya Rufaa ya Kanda iliyoko Mbeya haifikiki bila kuipanda milima ya Rungwe. Wengine watasema kwamba dawa ni kuongeza wapasuaji na mashine. Wapasuaji wanahitajiwa, hapana shaka. Lakini mkulima aliyepasuliwa Oktoba atakuwa na mfupa mchanga wakati mvua zinapoanza na shamba linapoita. Asipokuwa na mtu wa kumlimia, atainama. Na akiinama, kazi ya mpasuaji hodari huenda ikaharibika kwa jembe.

Kwa hiyo mambo matatu hayana budi kufanywa. Kwanza, mgonjwa arudi na barua ya Kiswahili fasaha inayotaja juma kwa juma anachoruhusiwa na anachokatazwa. Pili, wataalamu wa mazoezi ya viungo, ambao hufundishwa katika vyuo kama kile cha KCMC mjini Moshi, wapelekwe wilayani, maana wao ndio watakaomfaa pia yule asiyehitaji kupasuliwa. Tatu, tarehe ya upasuaji usio wa dharura ipangwe kwa kuangalia majira ya kilimo, na jamaa wakubaliane mapema nani atashika jembe. Ujima wa kusaidiana mashambani si jambo geni nchini. Hapa una kazi ya tiba.

Walimu nao wana sehemu yao. Mwanafunzi wa Kyela aliyeielewa hesabu ya ndoo anaweza kumweleza baba yake kwa nini katazo la daktari si la kumwonea, kisha akaichukua ndoo hiyo yeye mwenyewe.