Nani Astahili Tuzo?

Dominika moja baada ya Misa, hapa kwetu Bulengera, tuliwakuta vijana wawili wa shule yetu wakishikana mashati karibu na kanisa. Hawakugombania fedha wala shamba. Waligombania watu wawili ambao hawajapata kuwaona kwa macho, Achraf Hakimi wa Moroko na Mohamed Salah wa Misri. Siku chache kabla ya hapo, tarehe 19 Novemba 2025, huko Rabat, Hakimi alikuwa amepewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika. Mmoja alisema ni haki yake. Mwingine alisema ni wizi. Neno hilo "wizi" ndilo lililoleta ngumi.

Tuliwatenganisha, tukawaketisha, tukawaambia: "Haya, kila mmoja alete hoja zake, na mwenzake anyamaze mpaka amalize."

Wa Salah alianza. Alisema kwamba katika msimu wa 2024–25 Salah alifunga mabao 29 katika ligi ya Uingereza, akawaandalia wenzake mengine 18, na timu yake ya Liverpool ikatwaa ubingwa. Wa Hakimi akajibu kwamba Paris Saint-Germain ilitwaa ligi na kombe la Ufaransa, kisha tarehe 31 Mei 2025, mjini Munich, ikaishinda Inter ya Milano kwa mabao 5 kwa 0 katika fainali ya mabingwa wa Ulaya. Na bao la kwanza siku hiyo lilifungwa na Hakimi mwenyewe, naye ni beki! Hapo kijana wa tatu, aliyekuwa akisikiliza pembeni, akauliza kwa nini hakuna amtajaye Victor Osimhen wa Nigeria, aliyefunga mabao 37 msimu huo kwa Galatasaray ya Uturuki.

Wasomaji, hoja zote hizo ni za kweli. Na hapo ndipo penye fundisho la kwanza. Watu watatu waweza kusema kweli tupu na bado wasipatane, kwa kuwa kila mmoja ana kipimo chake. Muuza maharagwe apimaye kwa kopo na yule apimaye kwa mzani hawatapata hesabu moja, wala hakuna mwizi kati yao. Mmoja wa vijana wetu alihesabu mabao, mwingine alihesabu vikombe. Lakini hakuna aliyesema tangu mwanzo, "Mimi napima kwa hiki."

Hata waamuzi wenyewe hawapimi namna moja. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo, Mpira wa Dhahabu wa dunia ulitolewa mjini Paris, akaupata Ousmane Dembélé wa Ufaransa. Katika orodha hiyo Salah alikuwa wa nne na Hakimi wa sita. Miezi miwili baadaye Afrika ikamweka Hakimi juu ya Salah. Kule wanaopiga kura ni waandishi wa habari wa nchi mbalimbali; huku wamo pia makocha na manahodha wa timu za taifa. Wapimaji wakibadilika, na hesabu hubadilika. Basi mtu asiye na ushahidi wowote, akasikia matokeo yasiyompendeza, mara akatangaza kwamba kura zimenunuliwa, huyo ameivunja amri ya nane, hata kama anadhani anazungumza habari za mpira tu.

Kisha tuliwauliza vijana swali: "Kabla ya Hakimi, ni beki gani wa mwisho kupewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika?" Walitazamana. Jibu lilikuwa nyumbani kwao. Ni Bwanga Tshimen wa TP Mazembe ya Lubumbashi, mwaka 1973, wakati tuzo hiyo ilipokuwa ikitolewa na gazeti la France Football. Miaka 52 ilipita kati ya beki wa kwetu na beki wa Moroko. Wakati huo wote walisifiwa zaidi wafungaji na viungo, wala hakuna beki hata mmoja aliyepewa tuzo hiyo.

Mwaka uliofuata, 1974, jambo la ajabu zaidi lilitukia. Timu yetu ya Leopards, nchi ikiitwa Zaïre, ilikwenda Misri kugombea Kombe la Afrika. Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika mashindano hayo mamoja, hesabu ambayo hadi leo haijafikiwa na mtu. Fainali ya kwanza na Zambia ilikwisha 2 kwa 2, ikarudiwa, tukashinda 2 kwa 0. Mabao yote manne ya Zaïre yalikuwa ya Ndaye. Je, tuzo ya mwaka ule alipewa nani? Alipewa Paul Moukila wa Brazzaville, ambaye timu yake ya CARA ilitwaa kombe la vilabu vya Afrika. Wa pili alikuwa Mzaïre, naam, lakini alikuwa Lobilo, beki. Ndaye hakuwamo hata katika watatu wa kwanza.

Yule kijana wa Salah aliruka akasema, "Mwalimu, huo sasa ni wizi kweli!" Tukamwambia angoje, maana habari haijaisha. Mwezi wa Juni mwaka ule ule, katika Kombe la Dunia huko Ujerumani ya Magharibi, Zaïre ilifungwa na Yugoslavia mabao 9 kwa 0. Katika mchezo huo mchezaji mmoja wa Zaïre alimpiga mwamuzi teke kwa nyuma. Mwamuzi aligeuka, akamtoa Ndaye uwanjani. Lakini mwenye kosa alikuwa Ilunga Mwepu, naye baadaye alikiri. Ndaye alibeba adhabu ya mwenzake.

Wala hayo siyo machungu kuliko yote. Mwaka 1994 aliheshimiwa huko Tunis. Aliporudi nyumbani, watu wenye bunduki walimvamia, wakampiga risasi mguuni. Alikimbilia Afrika ya Kusini, akaishi huko katika umaskini. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika huko Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja kumwombolezea, kumbe yu hai! Alifariki Januari 2019 mjini Johannesburg. Twauliza basi: kipi kilichokuwa deni kubwa zaidi kwa mtu huyu? Sanamu ya dhahabu aliyoikosa, au mwenzake wa kumwuliza hali akiwa bado anapumua?

Hapo vijana walinyamaza, na sisi pia tulinyamaza, kwa sababu tulikumbuka deni letu wenyewe. Miaka michache iliyopita tulikuwa waamuzi wa tuzo katika mashindano ya madarasa. Tulimpa mfungaji daftari na kalamu, tukataja kwa majina wote waliofunga. Mlinzi mmoja wa nyuma, ambaye katika fainali aliokoa timu mara nyingi, hatukumtaja. Wiki iliyofuata hakuja mazoezini. Tulimwita mwenye wivu, tena mbele ya wenzake. Baadaye alitufuata peke yake, akasema kwa upole: "Mwalimu, sikutaka kalamu. Nilitaka tu baba yangu, aliyekuja kutazama, asikie jina langu."

Maneno hayo yalituchoma. Tulikuwa tumehukumu mara mbili bila kupima: kwanza mchezo wake, kisha moyo wake. Kwa kuwa tulikosa hadharani, tuliomba radhi hadharani, siku ya mstari, na baba yake tulimwalika. Lakini hatudanganyi, tuliona kwamba sifa iliyochelewa haina utamu wa ile iliyotolewa kwa wakati wake.

Kwa hiyo, wazazi na wanafunzi, hatuwakatazi kubishana juu ya tuzo. Mabishano mema huinoa akili. Ila kila mmoja ataje kwanza kipimo chake. Amsifu mchezaji wa mwenzake kwa yale aliyoyafanya kweli, kabla ya kumsifu wa kwake. Asimwite mtu mwizi bila ushahidi. Na mashindano ya parokia yatakapokwisha, msisahau kumtaja golikipa, beki, na yule aliyefua jezi, maana kidole kimoja hakivunji chawa, wala mkono hauwezi kuliambia guu kwamba haulihitaji.

Mkituuliza sisi, kura yetu tungempa Hakimi, kwa sababu ya Bwanga na kwa sababu ya yule mlinzi wetu. Kijana wa Salah hakukubali hata kidogo, lakini alimshika mwenzake mkono, wakateremka kilima pamoja, wakibishana bado.