Exetat: kwa nini alama za mazoezi hushuka siku ya mtihani

Mwanafunzi aliyezoea kupata 70% kwenye mazoezi ya shule anaweza kutoka na 52% kwenye diploma. Mara nyingi wa kwanza kulaumiwa ni wasahihishaji, wakati mwingine hata uchawi.

Sababu kubwa iko kwenye mazoezi yenyewe. Mitihani ya mwisho ya Exetat ni ya maswali ya kuchagua jibu, na shule nyingi huandaa watoto kwa maswali ya miaka iliyopita. Swali likirudi mara ya tatu, mwanafunzi hapigi tena hesabu. Anakumbuka tu kwamba jibu ni namba 3. Alama inapanda, ujuzi unabaki palepale. Siku yenyewe tarakimu zimebadilika, na jirani yake ana seri nyingine ya maswali.

Kituo nacho mara nyingi si shule yake, na mtihani unachukua siku nne. Hapo hakuna mwalimu wa kumwongezea dakika kumi.

Shule inayotaka kujua ukweli itunge maswali mapya, ikusanye karatasi saa ikifika, kisha imuulize mtoto namna alivyopata jibu. Alama zitashuka mwezi wa tatu na wazazi watamlalamikia prefe, lakini muda wa kurekebisha utakuwa bado upo.