Butembo na Beni walisaidia kupata dawa ya Ebola. Sasa ni zamu ya kansere

Mwezi wa Novemba 2018, wagonjwa wa Ebola mjini Beni waliombwa jambo lililowatisha wengi: kukubali kutunzwa kwa dawa ambazo bado zilikuwa zinajaribiwa. Kazi hiyo ilifika pia Butembo, Katwa na Mangina. Wagonjwa 681 waliingia katika utafiti huo. Agosti 2019 jibu likapatikana: dawa mbili ziliokoa watu wengi kuliko zingine. Moja ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola huko Kikwit mwaka 1995.

Haikuwa rahisi. Uvumi ulienea, vituo vya matunzo vilichomwa, na Aprili 2019 muganga Richard Mouzoko aliuawa Butembo. Hata hivyo, wakaaji wa hapa waliupa ulimwengu dawa ambayo haikuwepo.

Kansere, ao saratani, haileti magari ya mashirika barabarani. Inaua polepole, nyumbani. Mama anatoka damu miezi na miezi, familia inasema amelogwa ao amepewa sumu. Anapofika hospitali, ugonjwa umekwisha kusambaa. Ndipo jamaa wanauza shamba ili wamvukishe Kasindi kwenda Kampala, mara nyingi wakiwa wamechelewa.

Lakini kansere ya mlango wa kizazi inaweza kuzuiwa. Inaletwa na virusi. Chanjo kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14 inawakinga, na Uganda imeitoa inchi nzima tangu 2015. Kupima kunaweza kufanywa kwa siki: muganga anaipaka kwenye mlango wa kizazi, na mahali palipoanza kuharibika panageuka peupe. Pamoja na hayo, Shirika la Afya Duniani linasema kansere hiyo iliua wanawake karibu 350,000 mwaka 2022, wengi wao katika inchi maskini.

Kuna wanaosema utafiti hautuhusu. Si kweli. Mwaka 1958, Denis Burkitt, muganga wa Mulago, Kampala, alieleza uvimbe uliokuwa unashika mataya ya watoto wa Uganda. Vipande vya uvimbe huo vilipelekwa London, na mwaka 1964 vikaonyesha virusi ambavyo hakuna aliyevijua. Leo watoto wengi wenye kansere hiyo wanapona kwa dawa wakitunzwa mapema. Kama wazazi wangewaficha watoto wao, nani angejua?

Kwa hiyo mambo matatu yanahitajika. Kwanza, hospitali za Beni na Butembo ziandike kila mgonjwa wa kansere katika daftari moja; ugonjwa usiohesabiwa hautengewi franga. Pili, serkali ya jimbo, wabunge na wafanyabiashara wasaidie maabara na wanafunzi wa uganga, wakiwemo wale wa Chuo Kikuu cha Graben, wachunguze ugonjwa huu hapa hapa. Tatu, watafiti waeleze kila kitu kwa lugha ambayo mgonjwa anasikia, naye awe na haki ya kukataa. Ebola ilitufundisha kwamba watu wasipoelezwa, wanarusha mawe.

Makanisa, misikiti na redio za mitaa zianze kuitaja kansere kwa jina lake. Na mama anayetoka damu isiyo ya kawaida asingoje mavuno ao mwisho wa vita. Aende apimwe wiki hii.