Kabla ya kumshuku ndugu yako, fungua boneti

Leo nina jambo la kukiri, nami nalikiri hadharani ili likufae wewe uliye na gari kuukuu nyumbani.

Gari letu ni la mwaka wa 1998. Ndilo huwapeleka watoto shuleni, na ndilo hutuleta Nairobi kutoka Limuru. Miaka yote lita moja ya petroli ilitufikisha kilomita 12 hivi. Mwezi wa Julai mambo yakageuka. Tangi iliyotutosha juma zima ikawa haifiki Alhamisi. Isitoshe, taa za mbele zilififia kila nilipowasha indiketa, mshale wa joto ukarukaruka, na asubuhi stata ilijikokota kama mzee apandaye mlima.

Anayeshika ufunguo wa gari hilo mara nyingi ni mdogo wangu, kijana aliyemaliza shule na bado anatafuta kazi. Je, wewe ungemshuku nani? Sikumwambia kitu, ila nilianza kuandika kilomita kila jioni, naye akiniona. Siku ya tatu aliweka ufunguo mezani. "Dada," akasema, "kama unadhani nafyonza mafuta nikauze, basi endesha mwenyewe." Akaenda kulala kwa rafiki yake.

Wakati huo gereji moja ilikuwa imekwisha kuniuzia betri mpya na alteneta, na taa bado zilikuwa zikififia. Ndipo jirani akanielekeza kwa mzee mmoja, fundi wa umeme wa magari. Kabla hajashika spana aliniuliza swali moja tu: "Mama, gari hili lilichemka lini?"

Nilikumbuka. Mwezi wa Juni tulikwama katika barabara ya Mombasa, maji yakichemka, na fundi wa kando ya barabara akatusaidia tukaendelea na safari. Kumbe yule fundi alitoa thamostati akaitupa, na alipokuwa akifungua vitu, akalegeza ule waya mnene unaotoka upande hasi wa betri hadi kwenye injini. Alipoufunga, hakuukaza, na kutu ikafanya kazi yake.

Sasa sikiliza kwa makini. Umeme wa gari hutoka kwenye betri na lazima urudi kwenye betri. Waya huo ukilegea, umeme hukosa njia nzuri ya kurudi. Stata huchoka, taa hufifia na mishale hudanganya. Ukinunua betri kumi hutapona.

Thamostati nayo ni mlango mdogo unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, yapata nyuzi 82 katika magari mengi. Ikitolewa, maji huzunguka tangu mwanzo na injini hubaki baridi, hasa kwa baridi ya Limuru. Sensa ya joto huiambia kompyuta ya gari kwamba injini haijapata moto, nayo kompyuta huongeza petroli kama inavyofanya alfajiri. Gari linakunywa kama mgonjwa wa homa kutwa nzima. Wala kuiondoa si dawa ya kuchemka: katika injini nyingi sehemu ya maji hupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, na gari linaweza kuchemka tena kwenye msongamano.

Basi, msomaji, kabla ya kutoa pesa, fanya haya:

Kwanza, pima mafuta kwa haki. Jaza tangi, andika kilomita, endesha, kisha jaza tena. Gawanya kilomita kwa lita ulizoongeza. Usiamini mshale.

Pili, kwa mita ya volti, betri nzima iliyopumzika husoma kama 12.6. Injini ikinguruma isome kati ya 13.5 na 14.5.

Tatu, gusisha ncha moja ya mita kwenye upande hasi wa betri, na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mtu mwingine apige stata. Isizidi nusu volti. Yangu ilizidi moja. Waya ukafunguliwa, ukapigwa msasa na kukazwa.

Nne, washa injini ikiwa baridi, upapase rejeta ukijihadhari na feni. Dakika za kwanza ibaki baridi. Ikianza kupata uvuguvugu mara moja, thamostati haipo au imekwama wazi. Kifuniko cha rejeta usikiguse maji yakiwa moto.

Hayo yakiwa sawa na mafuta bado yanaisha, geukia plagi, kichujio cha hewa, upepo wa magurudumu na breki zinazoshika.

Thamostati mpya ilinigharimu kiasi kidogo kuliko ile alteneta nisiyoihitaji. Baada ya majuma mawili tulirudi kwenye kilomita 12 kwa lita.

Lakini lililokuwa gumu zaidi halikuhitaji spana. Nilimfuata mdogo wangu kwa rafiki yake nikamwomba radhi. Hakusema mengi. Aliuliza tu kama watoto wamefika shuleni salama, kisha akanyosha mkono apewe ufunguo.

Gari hutengenezwa kwa siku moja, msomaji. Moyo wa ndugu huchukua muda. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.