Saratani ya figo: Kwa nini kuinyima sukari hakutoshi kuiua

Ujumbe huu umezunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp: eti saratani inakula sukari, kwa hiyo mgonjwa akiacha sukari, ugali na matunda, uvimbe utakufa kwa njaa.

Sehemu ya kwanza ina ukweli ndani yake. Sehemu ya pili ndiyo yenye shida, na saratani ya figo inalionyesha hilo vizuri kuliko saratani nyingi.

Si ugonjwa mdogo. Mwaka 2022 watu zaidi ya 430,000 duniani waligundulika kuwa nayo, na takriban 155,000 walifariki. Uvutaji sigara, unene uliopitiliza na shinikizo la damu ni miongoni mwa vitu vinavyoongeza hatari.

Habari ya sukari ilianzia Ujerumani. Miaka ya 1920, mwanasayansi Otto Warburg aliona kwamba seli za saratani hutafuna glukosi kwa pupa, na huitumia kwa njia ya mkato ambayo seli za kawaida huikimbilia pale tu oksijeni inapopungua. Ajabu ni kwamba zilifanya hivyo hata oksijeni ikiwepo.

Ni kama nyumba ambayo umeme haujakatika lakini wenyewe wamewasha jenereta.

Kwenye figo, sababu ya tabia hiyo inajulikana. Aina inayoongoza, ambayo ni kama robo tatu ya saratani zote za figo, mara nyingi huanza baada ya kuharibika kwa jeni moja iitwayo VHL. Jeni hiyo ilitambuliwa mwaka 1993 kwa kufuatilia familia ambazo ugonjwa huu ulikuwa ukijirudia kizazi hadi kizazi.

Kengele iliyokwama

Kazi ya VHL ni rahisi kuielewa. Ndani ya seli kuna protini za HIF, ambazo ni kengele ya dharura inayolia oksijeni ikipungua. Oksijeni ikiwepo, VHL inaiweka HIF alama ili ivunjwe na kengele inyamaze. Utafiti wa namna seli zinavyohisi oksijeni ndio uliowapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel mwaka 2019.

VHL ikiharibika, kengele inakwama. Inalia usiku na mchana huku damu yenye oksijeni ya kutosha ikipita hapo hapo.

Seli inaamini imekabwa, na inaanza kuishi hivyo. Inavuta sukari kwa wingi, inapunguza kazi ya mitokondria, yaani mitambo yake ya kuzalisha nishati, inaita mishipa mipya ya damu na kujilimbikizia mafuta. Mafuta hayo pamoja na sukari ya akiba huyeyuka wakati kipande cha uvimbe kinapoandaliwa maabara, ndiyo maana chini ya hadubini seli zinaonekana nyeupe, kama matone ya maji. Jina la kitaalamu la aina hii, ‘seli angavu’, limetoka hapo.

Kwa muda mrefu maelezo yaliishia hapo: saratani ya figo ni mla sukari aliyezima mitambo yake.

Wanachosema wagonjwa wa Dallas

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha UT Southwestern mjini Dallas, Marekani, wakiongozwa na Ralph DeBerardinis, waliamua kutoishia kwenye seli za maabara. Waliwaendea wagonjwa wenyewe chumba cha upasuaji.

Mgonjwa anapofanyiwa operesheni ya kuondoa uvimbe, anawekewa dripu ya glukosi yenye kaboni nzito kidogo kuliko ya kawaida, isiyo na mionzi. Uvimbe ukishatolewa, watafiti wanapima kaboni ile imeishia wapi. Ni kama kutia rangi kwenye maji ili ujue bomba linaelekea upande gani.

Matokeo yao ya awali, ya mwaka 2018, yaliunga mkono hadithi ya zamani. Kwenye uvimbe ulioko ndani ya figo, sukari haikufika sana kwenye mitokondria.

Mwaka 2024 timu hiyo ilichapisha kazi kubwa zaidi katika jarida la Nature, ikiwa na wagonjwa zaidi ya 80. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Saratani iliyokwisha kuhama figo na kuota kwingine mwilini ilikuwa inapeleka sukari kwenye mitokondria kwa wingi kuliko ile iliyobaki figoni.

Kumbe safari ilipofika, jenereta iliwekwa kando na umeme ukarudi.

Walipolijaribu hilo kwa panya, kuichochea mitambo hiyo kulitosha kuongeza kusambaa kwa saratani. Kuziba sehemu yake ya kwanza kulipunguza kusambaa.

Hili si jambo dogo, kwa sababu saratani ya figo inaua zaidi inaposambaa. Uvimbe ukiwa bado figoni, daktari wa upasuaji ana nafasi nzuri ya kuuondoa wote. Shida ni ule uliohama, na sasa inaonekana chakula chake hakitumiki kwa namna ile ile kama cha ule wa mwanzo.

Sukari inaliwa na nani hasa?

Kuna jingine. Mwaka 2021, watafiti wa Vanderbilt, nao wa Marekani, walipima ndani ya uvimbe wa panya ni seli zipi zinazochukua sukari zaidi. Seli moja moja zilipolinganishwa, baadhi ya seli za kinga ziliongoza. Zile za saratani zilitangulia kwenye glutamini, kirutubisho ambacho mwili hujitengenezea wenyewe.

Basi jawabu si kuzuia glutamini? Lilijaribiwa. Dawa ya telaglenastat iliunganishwa na dawa nyingine ya saratani ya figo na kupewa wagonjwa katika jaribio la watu 444. Matokeo yalitangazwa mwanzoni mwa 2021: ugonjwa ulidhibitiwa kwa miezi 9.2 kwa walioongezewa telaglenastat, na miezi 9.3 kwa wasioongezewa. Haikusaidia kitu.

Ukiifungia seli hii mlango mmoja, inatafuta mwingine.

Wala kuzima mitokondria moja kwa moja si njia ya mkato. Dawa moja ya namna hiyo, IACS-010759, iliyojaribiwa kwa wagonjwa wa saratani nyingine, ilileta madhara ya mishipa ya fahamu na kusimamishwa. Neva nazo zinaishi kwa mitambo hiyo hiyo.

Iliyofanikiwa zaidi haikugusa chakula, iligusa kengele. Belzutifan, kidonge kilichotokana na kazi ya maabara za Dallas hizo hizo, kinaizima HIF-2, ile inayoisukuma zaidi saratani hii. Marekani iliidhinisha kitumike mwaka 2021 kwa wenye ugonjwa wa kurithi wa VHL, na Desemba 2023 kwa saratani ya figo iliyokwisha kukua licha ya matibabu mengine.

Matumaini hayo yana mipaka. Katika jaribio lililofungua njia ya idhini ya pili, uvimbe ulipungua kwa kiasi cha kuridhisha kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watano. Kwa waliopewa dawa ya kulinganishia, everolimus, hawakufika hata mmoja kati ya ishirini. Lakini haikuthibitika kwamba waliotumia belzutifan waliishi muda mrefu zaidi. Inapunguza damu, inaweza kushusha oksijeni mwilini, na ni hatari kwa mimba.

Tukirudi kwenye ule ujumbe wa WhatsApp: mtu asipokula wanga kabisa, ini lake litatengeneza glukosi na kuimwaga kwenye damu, kwa sababu ubongo hauwezi kukosa. Uvimbe utapata sehemu yake.

Anayepungua ni mgonjwa. Saratani ya figo iliyosambaa tayari hukondesha, na mtu anayefika kwenye operesheni au dawa nzito akiwa amedhoofika huwa na wakati mgumu kuzistahimili. Kupunguza soda na peremende hakuna ubaya kwa yeyote. Kumnyang’anya mgonjwa sahani ya ugali au uji wa asubuhi ni jambo jingine, na linapaswa kuulizwa kwa daktari wake kabla halijafanywa.